Nyuma ya Mkia

Jumamosi, 7 Machi

Leo nimevaa kizibao cha marehemu mke wangu mbele za watu. Kimenibana kwapani, vifungo havifungi, nikaonekana kama gunia lililoshonwa na mlevi.

Nieleze, maana hata mimi nikija kuyasoma haya mwakani nitajiuliza nilifuata nini mtoni asubuhi yote ile. Kila Jumamosi watu wa mtaani hukimbia kwenye bustani ya kando ya mto. Wanaanzia kwenye kibanda cha mbao, wanakwenda mpaka daraja la chuma, wanageuka na kurudi. Hakuna kiingilio, hakuna zawadi. Kuna sheria moja tu: mtu mmoja huvaa kizibao cha njano na kubaki nyuma ya wote. Huyo anaitwa Mkia. Mkia hampiti mtu, hakati njia, lazima afike darajani, na akishaingia kibandani ndipo watu hutawanyika. Kwa hiyo hata mzito kuliko wote haoni aibu, kwa sababu wa mwisho siku zote ni Mkia. Mke wangu alikuwa Mkia kwa miaka minne. Alifariki Septemba, na kizibao kimening'inia nyuma ya mlango wetu tangu hapo; wenzake wamekuwa wakipokezana kazi ya Mkia bila kizibao.

Juzi Bwana Saa alikuja kwenye duka langu la kunyolea. Ni mstaafu wa posta, ndiye mtunza muda wa kikundi. Ana filimbi shingoni na saa mbili, moja kila mkono, nadhani ili moja ikisinzia nyingine iiamshe. Nikajua kaja kudai kizibao.

"Kilete Jumamosi," akasema, "kikiwa na mtu ndani."

Sijawahi kumpenda mtu yule. Lakini nimekwenda. Na mtu wa nyuma kabisa, aliyetembea hatua chache mbele yangu mpaka nusu ya njia, alikuwa mama mkwe wangu.

Jumapili, 8 Machi

Mama alianza kutembea na kikundi Januari. Hakimbii, nyonga yake ya kulia ni mbovu. Huenda mpaka kwenye benchi la katikati ya njia, hukaa hapo, Mkia akirudi kutoka darajani huinuka wakarudi pamoja.

Tangu mazishi hatuzungumzi zaidi ya salamu. Jana nikamwambia, "Shikamoo, Mama." Akajibu, "Marahaba, kinyozi." Zamani alikuwa akiniita baba. Nimeshushwa cheo, na sababu naijua: siku ya mazishi sikutoa hata chozi moja. Watu wote walikuwa wakilia, mimi nilikuwa napanga viti.

Jambo moja sikulitarajia. Mama anapotembea, mkono wake wa kushoto hutupwa nje kidogo, kama mtu anayefukuza kuku. Mke wangu alitembea hivyohivyo, nami kwa miaka yote nilimtania kwa hilo. Jana nilitembea nyuma ya mkono ule mpaka benchi, na ilinibidi niangalie mto.

Jumatano, 11 Machi

Mvua zimeanza. Wateja wawili. Nani anyoe kichwa kikalale na baridi?

Jumamosi, 14 Machi

Ndani ya kizibao kuna mfuko mdogo ambao mke wangu aliushona kwa mkono, wa kuwekea peremende za watu wanaokata tamaa njiani. Nimenunua nyingine nikazijaza. Tulipofika benchi nikamnyooshea Mama moja. Aliiangalia muda mrefu.

"Bado unaweka?"

"Naweka, Mama."

Akaifungua, akaitia mdomoni, akakaa. Ndiyo mazungumzo yetu marefu kuliko yote tangu Septemba.

Jumamosi, 21 Machi

Manyunyu. Muuguzi, yule binti mwenye miguu ya swala, alitupita akiwa tayari anarudi na sisi hata benchi hatujaliona. Akatupungia. Mama akamtazama akiyoyoma.

"Na huyu anakimbilia wapi? Si anarudi palepale alipotoka?"

Nikacheka. Naye akacheka kidogo, halafu akajikumbusha kwamba mimi ni kinyozi akakaza uso.

Benchini akaniambia kitu. Mke wangu kila Jumamosi akitoka kukimbia alikuwa akipita kwake, na kila mara alimsimulia juu ya upepo wa pale darajani. Kwamba ukisimama katikati, upepo unapanda kutoka majini na jasho lote linakauka kwa mara moja. "Kila wiki upepo, upepo," Mama akasema. "Nikamwambia, mwanangu, upepo hata dirishani kwangu upo. Akasema, Mama, wa pale ni mwingine. Njoo siku moja. Nikawa nasema nitakuja, nitakuja." Akatema kando mbegu isiyokuwepo. "Nataka nikasimame hapo kabla mguu huu haujanikana."

"Nikuletee mkokoteni, Mama?"

"Kalete jeneza kabisa, tumalize kazi."

Huyo ndiye Mama ninayemjua mimi.

Jumamosi, 28 Machi

Amejaribu. Alipita benchi bila kulitazama, nami nyuma yake nimebana pumzi. Alifika kwenye kona ya mianzi, kutoka hapo daraja unaliona. Nyonga ikagoma. Akaegemea bega langu na tukarudi polepole.

Nikamwambia, "Umemla ng'ombe mzima, Mama, utashindwa na mkia?"

"Mkia gani, wewe?" akasema. "Wewe ndiye mzigo. Nikijua upo hapo nyuma, mguu unadeka."

Niliona ni utani.

Alhamisi, 2 Aprili

Mto umepanda mpaka kwenye nyasi. Maji rangi ya chai ya maziwa.

Jumamosi, 4 Aprili

Leo amelisema. Tulikuwa benchini, mwavuli mmoja, watu wote wako mbele.

"Ulimzika mwanangu kama mtu anayefunga duka," akasema. "Unahesabu viti, unafungua turubai, unawauliza watu kama wamekula. Nikakutazama nikasema, huyu mtu alioa au aliajiri?"

Sikukasirika. Nilikuwa nimelisubiri neno hilo kwa miezi saba, na lilipofika niliona limechelewa.

"Niliogopa, Mama. Niliona nikianza sitanyamaza, na viti havitapangwa."

"Si wangepanga wengine?"

Ni kweli, wangepanga wengine.

Mvua ikawa inapiga mwavuli. Baadaye akasema, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijiambia. Labda na mume anaujua kidogo." Akanipa mkono nimwinue.

Jumanne, 7 Aprili

Mama kaja dukani kwangu, mara ya kwanza tangu msiba. Hana nywele za kunyolewa. Alikaa kwenye benchi la wateja asubuhi nzima akinipa maelekezo. "Huyu usimnyoe zote, masikio yatabaki peke yake." Mteja alicheka mpaka wembe nikauweka chini. Alipoondoka duka lilipoa. Nimegundua namsubiri arudi, na sijui tangu lini nimeanza kumsubiri.

Jumamosi, 11 Aprili

Njia imefungwa, mto umefurika. Hakuna kukimbia.

Jumamosi, 18 Aprili

Niandike yote kama yalivyokuwa, kwa mpangilio wake, maana kichwani yananizunguka.

Asubuhi maji yalikuwa yameshuka, njia imefunguliwa, matope kila mahali. Mama alifika kabla ya wote, amevaa raba mpya. Akaninyooshea mkono.

"Nipe hicho kizibao."

"Mama, anayekivaa hageuki benchini. Lazima afike darajani."

"Ndiyo maana nakitaka."

Nikasema basi tutakwenda wote, mimi bila kizibao, nyuma yake. Akatikisa kichwa. "Nikikusikia nyuma yangu nitageuka tena. Binadamu akiwa na pa kuegemea huegemea. Wewe tangulia. Kimbia, una miguu ya kijana na unaitembeza kama ya mgonjwa." Halafu, kwa sauti ya chini: "Kilikuwa cha mwanangu. Nikivae mara moja."

Ungekuwa wewe ungesema nini? Nilikivua. Kwake kilimkaa vizuri, vifungo vyote vikafunga. Bwana Saa alimtazama, akanitazama mimi, akapuliza filimbi.

Nikakimbia. Sijakimbia tangu nilipokuwa mwanafunzi. Mwanzoni kifua kilitaka kupasuka, halafu kitu kikaachia, na mwili ukawa mwepesi. Nilifika darajani, nikasimama katikati, na upepo ulikuwapo, unapanda kutoka majini kama alivyosema marehemu. Niliinua mikono juu kama mwendawazimu. Nilikuwa na furaha. Naandika neno hilo na mkono unataka kulifuta.

Nikirudi nilikutana na Mama karibu na benchi. Alikuwa analipita. Akanipungia kwa mkono wa kushoto, akasema, "Usinitazame, kimbia!"

Kibandani Muuguzi alinipigia makofi, akanimiminia chai. Mvua ikaanza, na haikuwa ya mchezo. Watu wote wakajibana chini ya bati, tunacheka, tunakamua fulana. Mimi nikauliza, "Mama bado?"

Muuguzi akanijibu bila hata kugeuka, neno ambalo kikundi kile kimelisema kila Jumamosi kwa miaka yote, kila mtu anapomuulizia mtu ambaye hajafika:

"Usihofu. Mkia yupo nyuma."

Na moyo wangu ukatulia. Hilo ndilo nisiloweza kujisamehe. Niliitikia, "Aa, sawa," nikanywa chai. Hata nikaanza kuwasimulia habari ya mteja na masikio yake. Watu wote pale, wenye akili zao timamu, tulitulia, kwa sababu Mkia yupo nyuma, na Mkia hamwachi mtu.

Ni Bwana Saa aliyegutuka. Aliangalia saa ya kulia, akaangalia ya kushoto. Uso ukambadilika.

"Jamani," akasema. "Nyuma ya Mkia yuko nani?"

Kikombe nilikiacha hewani, nadhani, maana sikusikia kikianguka. Tukakimbia, wote, na mzee yule na saa zake pia.

Tulimwona kutoka mbali. Mvua ilikuwa imefuta kila kitu ila ile njano. Alikuwa ametoka darajani, kwenye mteremko ulio kati ya daraja na kona ya mianzi. Aliteleza, nyonga ikavunjika, akajiburuta mpaka pembeni asije akazibia watu njia. Watu gani? Hapakuwa na mtu wa kupita tena. Alituambia kwamba aliita. Aliita mpaka akachoka. Midomo ilikuwa ya bluu, na mdomoni alikuwa na peremende.

"Msinipigie kelele," akasema. "Sijafa." Kisha akanitafuta kwa macho akanipata. "Nimefika. Upepo upo."

Nilimbeba mgongoni mpaka kwenye gari. Hakuwa mzito hata kidogo.

Jumapili, 19 Aprili

Hospitali. Nyonga imevunjika mahali pawili. Wanasema watampasua wiki ijayo kifua kikikubali. Anakohoa.

Jumanne, 21 Aprili

Nimefunga duka. Mteja mmoja alinikuta mlangoni akaniuliza nitafungua lini. Nikamwambia sijui. Akasema, "Pole, lakini nywele hazisubiri." Nilitaka kumpiga.

Jumatano, 22 Aprili

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi na marehemu hatukujaliwa mtoto, lakini mjukuu huyo kaja nyumbani mwenyewe, kakaa, anakula kila kitu.

Leo nilikuwa namlisha Mama uji. Muuguzi yuko zamu kwenye wodi ileile. Alipita, akamrekebishia mto, akaondoka akifuta uso kwa kiwiko. Nilimchukia kwa lile neno lake kwa siku mbili nzima. Leo nimekumbuka kwamba mimi ndiye niliyesema "sawa".

Nikamwambia Mama, "Nisamehe." Akauliza kwa lipi. Nikaanza kumweleza, habari ya chai, habari ya mvua, kwamba nilikuwa nacheka wakati yeye anaita. Sikumaliza. Kilichonitoka si maneno. Nililia kama mtoto aliyepotea sokoni, kijiko mkononi, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageukia ukutani kunisitiri. Nililia ya Jumamosi, nikalia ya Septemba, na viti vyote nilivyovipanga.

Mama aliuchukua ukingo wa shuka lake, akanifuta.

"Kumbe unayo, baba," akasema. "Ulikuwa umeyaficha wapi?"

Jumamosi, 25 Aprili

Sikwenda mtoni. Nasikia hawakukimbia. Walisimama tu chini ya kibanda, kisha wakarudi makwao.

Jumanne, 28 Aprili

Kifua kimekuwa kizito, upasuaji umeahirishwa. Shemeji, mwanawe wa kiume, amefika jana kutoka mbali. Nilimweleza yote. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Daktari mpya aliingia, kijana, akawa anawaondoa watu ili abaki ndugu wa karibu tu. Akanielekeza kidole, akamuuliza Mama, "Na huyu ni nani wako?"

Mama pumzi zilikuwa za kuokoteza. Nilijua atasema mkwe, au atasema kinyozi kwa kunitania.

"Huyu," akasema, "ndiye anayekuja nyuma yangu. Mwacheni."

Daktari hakuelewa. Aliniacha.

Alhamisi, 30 Aprili

Amefariki alfajiri. Nilikuwa nimemshika ule mkono wa kushoto.

Jumamosi, 2 Mei

Tumemzika kando ya binti yake. Viti walipanga wengine. Mimi nililia.

Alhamisi, 7 Mei

Mvua moja tu wiki nzima. Nimefungua duka. Benchi la wateja nimelisogeza, kisha nimelirudisha.

Jumamosi, 9 Mei

Sikwenda mtoni. Saa za mchana Bwana Saa aliingia, akakaa kwenye kiti bila kusalimia, akasema, "Nyoa zote."

Nilimfunga shuka shingoni. Nywele zenyewe zilikuwa za kubahatisha. Nilipokuwa nainamisha kichwa chake nikaona mikono yake juu ya magoti: hana saa hata moja. Mahali pa saa pamebaki alama mbili za ngozi iliyopauka, kama za pingu.

"Nilikuwa nazo mbili," akasema kwenye kioo, "na nilichelewa."

"Wewe ndiye uliyegutuka, mzee. Sisi wengine tulikuwa tunakunywa chai."

"Nami nilikuwa nakunywa." Mabega yakaanza kumtikisika. Nikazima mashine nikasubiri, maana kichwa kikitikisika utamkata mtu. Kwa miaka yote nilidhani anapenda saa. Leo nimeelewa kwamba anaogopa mtu asipotee, na saa ndiyo silaha pekee aliyokuwa nayo.

Nilipomaliza akatoa mfuko. Ndani kulikuwa na kizibao, kimefuliwa, kimepigwa pasi, na peremende zimerudishwa kwenye kile kimfuko, moja moja. Chini yake kulikuwa na kingine, kipya, bado kina harufu ya dukani.

"Mkia mmoja hautoshi," akasema. "Tumekubaliana wote. Kuanzia sasa ni wawili."

"Nani kakwambia mimi narudi?"

"Hakuna. Ndiyo maana nimevileta vyote viwili hapa."

Jumamosi, 16 Mei

Jua. Nyasi za kando ya mto zimelala upande mmoja, maji yalikopita, lakini chini yake yameanza kuota majani mapya. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotazamia. Filimbi alikuwa nayo Muuguzi, kwa sababu Bwana Saa alikuwa amevaa kile kizibao kipya na amesimama kando yangu, upara unang'aa.

Tulitembea nyuma ya wote. Mzee ana magoti mabovu na ulimi usiochoka, alilalamikia matope, akalalamikia vijana, akalalamikia raba zangu. Kwenye benchi alitaka kukaa kidogo. Tukakaa. Nilimpa peremende.

Kwenye ule mteremko alinishika mkono bila kuombwa. Sijui kama alikuwa ananisaidia mimi au anajisaidia. Darajani tulisimama katikati. Upepo ukapanda kutoka majini, ukakausha jasho kwa mara moja. Nilimwambia, ni huu. Akaitikia kwa kichwa. Niliwasimulia wote wawili kimoyomoyo, mama na binti, kwamba leo ulikuwapo.

Kurudi, magoti yakamzidi. "Tangulia wewe," akaniambia, "nitakuja polepole."

"Sitangulii."

"Utachelewesha watu, bwana."

"Wangoje."

Wakangoja. Tuliingia kibandani bega kwa bega, maana ndivyo walivyokubaliana, asiwepo wa kubaki nyuma ya mwenzake. Muuguzi akapuliza filimbi, akapaza sauti, "Mkia umeingia!" na watu wakaanza kumimina chai.

Mimi niligeuka kuangalia nyuma. Nimeangalia njia yote, mpaka kwenye benchi, mpaka pale inapopinda. Hapakuwa na mtu. Niliendelea kuangalia mpaka Bwana Saa akanigusa bega akanipa kikombe.